Estrojeni ya maabara, ya asili, au kuacha estrojeni kabisa: chagua kwa kuliangalia ini lako

Geuza pakiti ya Microgynon, kidonge cha uzazi wa mpango, usome maandishi madogo ya nyuma. Utakuta ethinilestradioli 0.03 mg, yaani mikrogramu 30. Kisha chukua pakiti ya estradioli wanayoandikiwa kina mama waliokoma hedhi: miligramu 1, au 2. Zote mbili ni estrojeni na zote humezwa, lakini hiyo ya miligramu 2 imezidi ile ya kwanza zaidi ya mara 60. Hapa Kampala, watu wanaoniuliza kaunta ya duka la dawa hudhani kwamba chenye namba kubwa ndicho chenye nguvu. Mambo ni kinyume, na sababu yake iko kwenye ini.

Nawaandikia dada na kina mama wa Kisenyi, Bombo, Arua, Kasese na kokote Uganda ambako Kiswahili ndiyo lugha ya kuulizana mambo ya mwili. Kwenye foleni ya uzazi wa mpango, chunusi, unene na damu inayotoka ovyo huzungumzwa sana. Ini halizungumzwi, na hilo linaniuma, kwa sababu ndilo linaloamua dawa itakaa mwilini muda gani, itakudhuru kiasi gani, na kama itakukinga au itakuangusha.

Ini hufanya nini na kila moja

Unachomeza kikishanyonywa na utumbo huingia kwenye mshipa unaokipeleka moja kwa moja kwenye ini kabla hakijafika kwingine, kama malori ya Mombasa yanavyokaguliwa Malaba kabla ya kuonekana Kampala. Estradioli, ambayo ndiyo homoni ileile inayotengenezwa na ovari zako, haivuki salama hapo. Ukuta wa utumbo na ini huigeuza upesi kuwa estroni, ambayo ni dhaifu zaidi, kisha huibandika salfeti au glukuronidi ili iyeyuke na kutoka kwa mkojo na nyongo. Ya kumeza, karibu asilimia 5 tu huingia kwenye mzunguko wa damu ikiwa bado ni estradioli. Ndiyo maana kidonge chake hupimwa kwa miligramu.

Mwaka 1938, mjini Berlin, Hans Inhoffen na Walter Hohlweg wa kampuni ya Schering walipata namna ya kulizuia ini. Waliongeza kipande kidogo chenye kaboni mbili, kiitwacho ethinili, kwenye kaboni ya 17 ya estradioli, palepale ambapo kimeng'enya (protini ya mwili inayobadilisha kemikali) huanzia kazi ya kuigeuza kuwa estroni. Kimeng'enya kikakosa pa kushika. Hiyo ndiyo ethinilestradioli, estrojeni iliyomo hadi leo kwenye vidonge vingi vya mseto, yaani vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni pamoja na projestini, homoni ya maabara inayoiga projesteroni.

Fuatilia kidonge kimoja. Ukikimeza saa tatu usiku, kufikia saa tano dawa imeshafika kileleni kwenye damu. Zaidi ya nusu imepotea njiani: sehemu imebandikwa salfeti kwenye ukuta wa utumbo, sehemu imeondolewa na ini. Inayobaki, kama asilimia 45, hushughulikiwa polepole na kimeng'enya kiitwacho CYP3A4 pamoja na vingine vinavyoibandika glukuronidi. Kiasi fulani humwagwa utumboni pamoja na nyongo, bakteria wa utumboni wanaivua vile vibandiko, nayo hunyonywa tena, kwa hiyo asubuhi kiwango kinaweza kupanda kidogo kwa mara ya pili. Nusu ya dawa huchukua kati ya saa 7 na 36 kuondoka, kutegemea mtu. Wanawake wawili wenye umri mmoja, wanaotumia pakiti moja, wanaweza kupishana mara kadhaa kwa kiwango kilichomo kwenye damu. Basi jirani akikuambia "mimi kilinitapisha", au "mimi hakikunifanya kitu", anakueleza habari za ini lake.

Ugumu huo wa kuvunjika una gharama. Damu huzunguka na kurudi kwenye ini tena na tena, na kila inaporudi inaleta ethinilestradioli ikiwa bado ina nguvu zake. Chembe za ini zenyewe huitikia estrojeni, na jibu lao ni kutengeneza protini kwa wingi: zile za kugandisha damu, ile inayosaidia kupandisha presha iitwayo angiotensinojeni, na mafuta aina ya trigliseridi. Wakati huohuo, protini za kuzuia mgando, kama antithrombini na protini S, hupungua. Ukilinganisha gramu kwa gramu, ethinilestradioli hulisukuma ini mamia ya mara kuliko estradioli. Hapo ndipo mikrogramu 30 zinapozipita miligramu 2.

Tena hailikwepi ini kwa kubadilishiwa mlango. Ethinilestradioli iliyowekwa kwenye pete ya ukeni au kwenye bandiko la ngozi bado hulisukuma ini, kwa sababu hulifikia kwa njia ya damu ikiwa nzima. Estradioli sivyo, na tofauti hiyo itakuwa na maana kubwa tukifika kwa waliokoma hedhi.

Kidonge cha mseto mkabala na njia zisizo na estrojeni

Mwaka 2013 shirika la dawa la Umoja wa Ulaya lilipitia hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Kati ya wanawake 10,000 wasiotumia homoni, wasio wajawazito, 2 hivi hupata mgando kwa mwaka. Kwa wanaotumia mseto wenye levonojestreli, kama Microgynon, ni 5 hadi 7. Kwa wenye drospirenoni, kama Yasmin inayouzwa kwenye famasi za mjini, ni 9 hadi 12. Kiasi cha ethinilestradioli ndani ya Microgynon na Yasmin ni kilekile, mikrogramu 30. Kinachotofautiana ni projestini. Levonojestreli na drospirenoni zote ni projestini, lakini levonojestreli hupunguza msukumo wa estrojeni kwenye ini, drospirenoni haifanyi hivyo kwa kiwango hicho. Kwa hiyo mtu akiniuliza aanze na kipi, namwambia aanze na chenye levonojestreli, hata kama kile kingine kina pakiti nzuri na bei ya juu.

Namba hizo zisikutie hofu kupita kiasi. Ujauzito wenyewe hugandisha damu kuliko kidonge, na wiki za mwanzo baada ya kujifungua zina hatari kubwa zaidi ya zote. Kwa msichana au mama aliye chini ya miaka 35, asiyevuta sigara, mwenye presha ya kawaida na asiyetumia dawa zitakazotajwa chini, kidonge cha mseto ni chaguo zuri, na nasema hivyo bila kusitasita. Ila presha ipimwe kabla. Ini linalotengeneza angiotensinojeni kwa wingi halikuambii kwamba presha inapanda. Mashine ndiyo inayoonyesha, na kipimo chake ni cha dakika mbili.

Wa kuikwepa estrojeni wanajulikana: mwenye presha ya juu, mvutaji sigara aliyepita miaka 35, aliyewahi kupata mgando kwenye mguu au mapafu, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na mwanga au giza machoni, na mama aliyejifungua karibuni, hasa anayenyonyesha mtoto ambaye hajafika miezi sita. Hawa wana sindano, vipandikizi, vidonge vya projestini pekee kama Microlut, na kitanzi, ambacho wengine hukiita koili.

Projestini nazo huvunjwa na ini, nyingi zikipitia kimeng'enya kilekile cha CYP3A4, lakini hazilisukumi kutengeneza protini za mgando kama estrojeni inavyofanya. Njia hizi hutofautiana kwa akiba ya dawa inayowekwa mwilini. Jadelle ni vijiti viwili vinavyotoa levonojestreli kidogo kidogo kwa miaka 5, na Implanon NXT ni kijiti kimoja cha miaka 3. Sindano huweka mzigo mkubwa kwa mara moja: miligramu 150 kwenye msuli, au miligramu 104 chini ya ngozi kwa ile ya Sayana Press, ambayo Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuwafikishia wanawake vijijini kupitia wahudumu wa afya wa vijiji (VHT) na kisha kuwafundisha kujichoma wenyewe. Ukubwa huo wa akiba utaonekana faida yake mbele. Hasara yake ni kwamba ukitaka mtoto, uzazi unaweza kuchelewa kurudi kwa miezi kadhaa baada ya sindano ya mwisho, na anayepanga kubeba mimba mwaka huu aambiwe hilo mapema.

Kitanzi cha shaba hakina homoni. Ini halina habari nacho.

Kuna pia vidonge vya uzazi wa mpango vilivyotengenezwa kwa estradioli badala ya ethinilestradioli, kama Qlaira ya mwaka 2009, na vya estetroli, homoni ambayo ini la mtoto aliye tumboni huitengeneza, vilivyoidhinishwa Ulaya na Marekani mwaka 2021. Ni hatua nzuri, lakini haviko kwenye rafu za vituo vya afya vya serikali, na sitaki mtu aache njia inayomfaa leo akivisubiri.

Mama aliyekoma hedhi

Hapa ushauri hubadilika. Mama mwenye joto la ghafla, jasho la usiku na usingizi uliokimbia hatafuti kuzuia yai lisipevuke. Anarudishiwa kiasi kidogo cha kilichopungua. Hana sababu ya kutumia ethinilestradioli. Estradioli inatosha, na swali linalobaki ni mlango: mdomo au ngozi.

Kidonge cha estradioli hufika kwenye ini kikiwa kimejaa, hivyo ini linapata dozi kubwa kuliko sehemu nyingine zote za mwili, na protini za mgando hupanda kiasi. Bandiko au jeli hupitisha dawa kwenye ngozi hadi kwenye damu moja kwa moja. Bandiko la mikrogramu 50 kwa siku hufanya kazi ambayo kidonge huhitaji miligramu nzima au mbili kuifanya, na tafiti za Ufaransa zilionyesha kwamba estradioli ya ngozini haikuongeza hatari ya mgando kama ya kumeza. Kwa mama mnene, mwenye trigliseridi nyingi au mwenye historia ya mawe kwenye nyongo, ningetafuta bandiko au jeli kwa bidii zote, hata kama itabidi kuagizwa na kusubiriwa. Kwa mama mwembamba mwenye afya nzuri, ambaye ndiyo kwanza amekoma hedhi na anaweza kumudu kidonge tu, kidonge si kosa.

Estrojeni zilizotokana na mkojo wa farasi wajawazito, Premarin, ambazo zimeuzwa Marekani tangu 1942, zina mchanganyiko wa homoni ambazo ini la binadamu huzivunja kwa shida zaidi kuliko estradioli. Ndizo zilizotumika kwenye utafiti mkubwa wa Marekani uliosimamishwa nusu yake mwaka 2002 na kuwatia hofu kina mama duniani kote. Kama kuna estradioli, sioni sababu ya kuzichagua. Na yeyote mwenye kizazi chake, akipewa estrojeni ya aina yoyote, apewe na projestini ya kukilinda.

Ini lenyewe likiwa na ugonjwa

Huku kwetu swali hili ni la kila siku. Homa ya ini ya B imekuwa nyingi zaidi kaskazini na West Nile, na mwanamke akiambiwa ana virusi hivyo mara nyingi hufukuzwa kwenye vidonge hapohapo. Vigezo vya Shirika la Afya Duniani (WHO) havisemi hivyo. Anayebeba virusi bila kuumwa, au mwenye homa ya ini sugu ambayo haijaharibu ini, anaruhusiwa njia zote. Anayetakiwa kungoja ni mwenye ugonjwa mkali wa sasa, macho manjano na mkojo kama chai: huyo asianze kidonge cha mseto mpaka apone, lakini sindano, kipandikizi na kitanzi anaweza kupewa.

Kichocho cha tumbo nacho, kilichozoeleka kando ya Ziwa Albert na Nile kule Pakwach, huacha makovu kuzunguka mishipa ya ini huku chembe za ini zikiendelea kufanya kazi kwa muda mrefu. Mayai ya mdudu huziba njia za damu, na chembe zinazovunja dawa hubaki. Ndiyo maana WHO huruhusu kidonge hata kwa mwenye makovu hayo, ilimradi ini halijafikia kushindwa.

Likishashindwa, tumbo likajaa maji na macho yakawa manjano, estrojeni ni marufuku. Kitanzi cha shaba kinabaki salama kwa upande wa ini. Vivyo hivyo kwa mwenye uvimbe wa ini: tangu 1973 inajulikana kwamba kidonge huweza kusababisha aina moja ya uvimbe usio saratani, ni nadra, nao mara nyingi husinyaa kidonge kikiachwa. Na mama aliyewashwa mwili mzima mwishoni mwa mimba kwa sababu nyongo haikutiririka vizuri amwambie muuguzi kabla ya kuchagua, maana estrojeni ya maabara inaweza kuirudisha hali hiyo.

Dawa nyingine unazomeza

Hapa ndipo wanawake wengi wanapoangushwa. Namuona mama akitoka kliniki moja na dawa za TB na nyingine na vidonge vya kupanga uzazi, na hakuna aliyemuuliza kuhusu pakiti ya pili iliyomo kwenye mkoba wake. Rifampisini, inayomezwa miezi yote 6 ya matibabu ya kawaida ya TB, huliamuru ini liongeze vimeng'enya, CYP3A4 vikiwamo. Ini hilo huivunja ethinilestradioli na projestini haraka mno, kidonge kinabaki jina, na dalili ya kwanza huwa damu ya katikati ya mwezi au mimba. Rifapentini, iliyomo kwenye dawa ya kinga ya TB ya mara moja kwa wiki, hufanya vilevile. Isoniazidi peke yake haifanyi hivyo.

Dawa za ARV zina historia yake hapa Uganda. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Kampala kwa wanawake wenye vijiti vya levonojestreli. Kwa waliokuwa kwenye efavirenzi, levonojestreli kwenye damu ilikuwa imeshuka hadi karibu nusu au chini, na 3 kati ya 20 walipata mimba kabla mwaka haujaisha. Kijiti cha miaka mitano kilishindwa kumaliza mwaka mmoja. Dolutegraviri, iliyoanza kutumika nchini mwaka 2018, haina tabia hiyo, na kwa mwanamke anayependa kipandikizi au kidonge hilo ni jambo la kushukuru. Ila akipata TB akaongezewa rifampisini, hesabu hubadilika upya.

| Dawa | Kidonge cha mseto | Kipandikizi | Sindano ya miezi 3 | Kitanzi cha shaba |
|---|---|---|---|---|
| Rifampisini, rifapentini | Usitegemee | Hupungua nguvu | Inafaa, usichelewe tarehe | Hakiguswi |
| Kabamazepini, fenitoini, fenobabitali (kifafa) | Usitegemee | Hupungua nguvu | Inafaa | Hakiguswi |
| Efavirenzi | Projestini yake hushuka | Jadelle hushuka sana | Inafaa | Hakiguswi |
| Dolutegraviri | Kinafaa | Kinafaa | Inafaa | Hakiguswi |
| Lamotrijini peke yake | Huishusha lamotrijini | Kinafaa | Inafaa | Hakiguswi |

Safu ya sindano ndiyo inayoonyesha faida ya ile akiba: hata ini lililoamshwa na dawa halimalizi mzigo huo kirahisi kabla ya tarehe ya kurudi. Na mstari wa lamotrijini unaenda upande wa pili. Hapo estrojeni ndiyo inayoliamsha ini, dawa ya kifafa inashuka karibu nusu, na degedege zilizokuwa zimetulia zinarudi. Mgonjwa wa kifafa anayebadilishiwa njia ya uzazi wa mpango amwambie anayemtibu kifafa, siku ileile.

Kuhusu amoksilini na antibayotiki nyingine za kawaida, hofu ya zamani ilitokana na wale bakteria wa utumboni wanaoirudisha estrojeni. Tafiti hazikuithibitisha, na WHO inaruhusu kuendelea na kidonge. Malaria je? Karatasi ya Coartem ya Marekani inashauri kinga ya ziada isiyo ya homoni. Dawa ni ya siku tatu, na kondomu si mzigo.

Aliyemaliza rifampisini asirudi kwenye kidonge siku hiyohiyo. Ini huendelea na vimeng'enya vya ziada kwa wiki nne hivi, kwa hiyo kondomu, sindano au kitanzi viendelee mpaka ziishe. Na kondomu ikipasuka ndani ya kipindi hicho, au wakati mtu yuko kwenye efavirenzi au dawa za kifafa zilizotajwa, kidonge cha dharura cha levonojestreli cha miligramu 1.5 hakitoshi: humezwa viwili kwa pamoja, miligramu 3, au uende kituo cha afya wakuwekee kitanzi cha shaba ndani ya siku 5.